Shauri la Choo cha Sokoni
Jinsi Baraza la Mji mdogo linavyofanya kazi zake za kila siku

Sisi watu wa vijijini twaujua mji kwa mambo machache: soko, hospitali, na shule ya sekondari wanakosoma watoto wetu. Mama huamka alfajiri, hupakia ndizi zake, hufika mjini, hulipa ushuru, huuza, hununua chumvi na sabuni, kisha hurudi nyumbani kabla jua halijazama. Lakini iko nyumba moja mjini ambayo wengi wetu hatujapata kuingia ndani yake, ingawa mlango wake u wazi kwa kila mtu. Nayo ni nyumba ya Halmashauri ya Mji.

Hatusemi habari za majiji makubwa kama Mwanza au Arusha, yenye Mameya na magari mengi. Twasema habari za miji midogo ya Tanzania, kama Mbulu, Mbinga, Kondoa na Ifakara. Miji hii minne ni makao ya maaskofu pia, basi wakristo wengi huijua kwa sababu ya kanisa kuu lao. Haina Meya, kiongozi wa baraza lake huitwa Mwenyekiti. Tena miji ya namna hii mara nyingi ina mashamba na vijiji ndani ya mipaka yake, hivi kwamba mtu aweza kulima mahindi, kufuga ng'ombe na kujiita mwanakijiji, kumbe yumo ndani ya mji.

Yafaa kwanza tutofautishe maneno mawili. Halmashauri ni chombo kizima, pamoja na ofisi zake, watumishi wake na mali yake. Baraza ni mkutano wa madiwani. Kila kata huchagua diwani mmoja. Pamoja nao wapo wanawake wa viti maalum, ambao hesabu yao haipungui theluthi moja, na Mbunge wa jimbo naye ni mjumbe. Madiwani humchagua Mwenyekiti miongoni mwao kwa miaka mitano, na makamu wake humchagua kila mwaka. Mkurugenzi hachaguliwi na watu. Huteuliwa na Rais. Yeye ndiye mkuu wa watumishi, tena ndiye katibu wa Baraza. Basi madiwani huamua, na Mkurugenzi hutekeleza. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa halmashauri huanzia, maana diwani apenda kutekeleza, na Mkurugenzi apenda kuamua.

Ili tuelewe kazi yao, tuchukue jambo moja dogo tulifuate toka mwanzo hata mwisho. Tuseme choo cha sokoni kimejaa. Kina matundu manne, mawili yameziba, maji hakuna. Wenye kuuza nyanya na dagaa wamelalamika tangu mwaka jana. Wamemlalamikia nani? Wamelalamikiana wao kwa wao. Shauri la namna hiyo halifiki popote, hata likisemwa miaka kumi.

Njia yake ya haki huanzia chini kabisa, katika mkutano wa mtaa au wa kijiji. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa watu wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na sheria yataka uitishwe kila miezi mitatu. Hapa ndipo mahali pa pekee ambapo mtu wa kawaida husema kwa kinywa chake mwenyewe. Huko juu kwenye Baraza aweza kuhudhuria na kusikiliza, lakini hana ruhusa ya kusema. Watu wengi hawalijui jambo hili. Hukaa kimya kijijini, kisha huenda mjini kupiga kelele nje ya ukumbi.

Tuseme basi mama mmoja asimama mkutanoni.

“Shikamoo Mwenyekiti. Naomba niseme habari ya choo cha sokoni.”

“Marahaba mama, sema.”

“Twalipa ushuru kila siku ya soko, na stakabadhi ninazo. Lakini mtu akishikwa na haja hukimbilia migombani nyuma ya machinjio. Na mvua ndizo hizo zaja.”

Maneno yamekwisha kusemwa. Je, yameandikwa? Katibu wa mkutano ni Mtendaji, naye ndiye mwenye daftari la muhtasari. Neno lisiloingia katika muhtasari huhesabiwa kuwa halikusemwa. Mtu mwenye busara huomba mwishoni mwa mkutano asomewe lile lililoandikwa juu ya shauri lake, na kuomba hivyo si utovu wa adabu.

Toka hapo shauri hupanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ndiye mwenyekiti wake, Mtendaji wa Kata ndiye katibu, na wenyeviti wa vijiji na mitaa yote ya kata ni wajumbe. Hapa mambo ya kata nzima hushindana. Kijiji kimoja chataka zahanati, kingine chataka madawati, cha tatu chalilia daraja. Choo cha sokoni chaweza kuachwa nyuma kwa urahisi, kwa kuwa soko ni la wote, na kitu cha wote aghalabu hakina msemaji. Diwani hodari hukiingiza katika taarifa ya kata yake.

Baraza lenyewe hukutana mkutano wa kawaida kila robo ya mwaka, yaani kila miezi mitatu. Katika halmashauri nyingi mkutano huchukua siku mbili. Siku ya kwanza husomwa taarifa za kata, kata moja baada ya nyingine. Kazi hii huchosha, tusifichane. Diwani wa kata ya kwanza asema walimu hawatoshi. Wa pili asema walimu hawatoshi. Wa tatu asema vilevile, na kuongeza kwamba fisi wamekula mbuzi. Wapo wanaosinzia. Lakini katika saa hizo za kuchosha ndimo choo chetu kinamotajwa mara ya kwanza mbele ya Mkurugenzi na wakuu wa idara zake wote, wakiwa wameketi kwa kupanga safu na makaratasi yao magotini.

Siku ya pili ina utaratibu wake. Mkutano hufunguliwa kwa sala. Ajenda huthibitishwa. Muhtasari wa mkutano uliopita husomwa ukurasa kwa ukurasa, na makosa husahihishwa. Kisha yaja yale yaitwayo “yatokanayo”, yaani mambo yaliyoamuliwa mara iliyopita: limefanyika lipi, lipi halikufanyika, na kwa sababu gani. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sehemu yenye maana kuliko zote, ingawa waandishi wa habari huwa bado hawajafika ukumbini. Baadaye huja maswali ya madiwani na taarifa za kamati za kudumu.

Maana kazi nzito haifanyiki mbele ya watu wote, bali katika kamati. Halmashauri ya Mji ina kamati kuu tatu za kudumu. Ya kwanza ni ya Fedha na Uongozi, nayo hukutana kila mwezi, kwa sababu fedha haingoji robo ya mwaka. Ya pili yashughulikia uchumi, afya na elimu. Ya tatu ni ya Mipango Miji na Mazingira: ramani za viwanja, vibali vya kujenga, takataka, mifereji. Wakristo wanaotaka kujenga kigango ndani ya mpaka wa mji wakumbuke kamati hiyo ya tatu kabla ya kufyatua matofali. Ziko na nyingine, kama ya maadili ya madiwani na ya UKIMWI.

Choo cha sokoni kitapita katika kamati mbili au hata zote tatu. Afisa Afya ataeleza hatari yake, mhandisi atataja gharama, mweka hazina atasema fedha haipo. Kila mmoja asema kweli. Kazi ya madiwani ni kuzipima kweli hizo tatu na kutoa pendekezo moja, ambalo huletwa mbele ya Baraza zima ili likubaliwe au likataliwe. Diwani mwenye faida yake katika shauri, kwa mfano mwenye duka la simenti litakalouza simenti hiyo, sheria yamtaka aitangaze faida hiyo na asishiriki katika kuamua.

Labda msomaji atauliza: Mambo haya yote kwa ajili ya choo? Hatuwezi kuwaachia wakubwa wa Serikali waamue upesi?

Nchi yetu imepata kujaribu hivyo. Mwaka 1972 Serikali ilileta mpango wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zilivunjwa, na za miji zikafuata muda si mrefu baadaye. Mabaraza haya yalikuwa yamesimama chini ya sheria ya mwaka 1953, ya wakati wa Waingereza, tena mengine yalikuwa na deni na uzembe mwingi. Hatusemi kwamba yalikuwa mazuri yote. Shabaha ya mpango ilikuwa njema: kuwasogeza wataalamu wa Serikali karibu na wananchi mikoani. Lakini fikra zote zilielekea vijijini na kwenye mipango mikubwa ya maendeleo, na kazi ndogondogo za miji zikakosa mwenyewe. Nani azoe takataka? Nani azibue mfereji? Nani awashe taa za barabarani, nani alitunze gari la zimamoto? Mkoa ulikuwa na mambo mengi makubwa zaidi ya kufikiri.

Basi mifereji iliziba, barabara za miji zikaharibika, takataka zikalundikana. Na katika miaka ya 1977 na 1978 kipindupindu kilienea katika sehemu nyingi za nchi. Wazee wetu wanaikumbuka miaka ile: maji ya kuchemsha, chokaa vyooni, misiba isiyoruhusiwa kula matanga. Ugonjwa huo hupita katika kinyesi na maji machafu, wala haumwulizi mtu kama ni wa mjini au wa shamba. Anayekwenda sokoni Jumamosi hurudi nao kijijini Jumamosi hiyohiyo.

Mwaka 1978 sheria ilipitishwa ya kuyarudisha mabaraza ya miji. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria mpya za serikali za mitaa: Namba 7 kwa wilaya, Namba 8 kwa miji, na Namba 9 kwa fedha zake, na mwaka 1984 halmashauri zilirudi kazini nchi nzima. Mwalimu Nyerere, ambaye ndiye aliyezivunja, mwaka huohuo wa 1984 alizungumza na jarida la Third World Quarterly. Alisema kwamba kama angeanza tena upya, yako mambo ambayo asingeyafanya, na miongoni mwake ni kuvunja serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Siku hizi Katiba yenyewe, katika ibara za 145 na 146, yasema kwamba vyombo hivyo viwepo, na shabaha yake ni kuwapa wananchi madaraka.

Kanisa nalo lilikuwa limekwisha kusema jambo la namna hiyo. Papa Pius XI, katika barua yake Quadragesimo Anno ya mwaka 1931, alifundisha kwamba si haki chama kikubwa kunyang'anya kazi ambayo chama kidogo chaweza kuifanya chenyewe. Mtu akiisoma haraka aweza kudhani ni maneno ya wanafalsafa tu. Lakini mfereji ulioziba wafahamika vizuri zaidi na yule anayeuruka kila asubuhi kuliko bwana mkubwa wa makao makuu.

Turudi kwenye choo. Baraza limekubali kijengwe. Sasa fedha. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti yake haitungwi Juni. Maoni hukusanywa toka vijijini na mitaani miezi mingi kabla, na kwa kawaida Baraza huipitisha mnamo Januari au Februari. Kisha bajeti hupita mkoani na katika wizara inayosimamia serikali za mitaa, na mwisho Bunge huidhinisha. Mwananchi anayemwendea diwani mwezi wa Mei kudai choo atajibiwa kwa heshima, lakini choo chake hakitaingia katika bajeti ya mwaka huo. Alipaswa kwenda wakati wa kupanda mbegu za mvua za vuli.

Fedha yenyewe sehemu kubwa hutoka Serikali Kuu. Sehemu nyingine ni mapato ya ndani: ushuru wa masoko, leseni, ushuru wa mazao, kodi ya vibanda. Kodi ya maendeleo, ile ambayo baba zetu waliikimbilia porini, ilifutwa mwaka 2003. Mwaka 2017 sheria iliondoa ushuru wa mazao kwa mtu anayesafirisha mzigo usiozidi tani 1 toka halmashauri moja kwenda nyingine, na wakulima wadogo wakapumua. Ushuru ukilipwa sharti stakabadhi itolewe na mashine. Fedha isiyo na stakabadhi haiendi kwenye choo, wala shule, wala dawa. Yaenda mfukoni mwa mtu.

Tena mambo fulani siku hizi si ya Halmashauri, hata kama lawama bado huitupia hiyo. Barabara za mijini na vijijini zimekuwa chini ya wakala wa Serikali, TARURA, tangu mwaka 2017. Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA tangu 2019. Diwani aweza kuwauliza maafisa wao Barazani, na wao hujibu, lakini hawezi kuwaamuru. Mtu asimtukane bure diwani wake kwa sababu ya shimo la barabarani. Amtume akaulize.

Liko fungu moja ambalo akina mama wa parokia yafaa walijue. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 yaagiza kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, kwa kuwa fedha nyingi hazikurudishwa na baadhi ya vikundi vilikuwa vya hewa, kisha ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Njia ya kuiomba huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Mwenye kudai rushwa ili apitishe karatasi za kikundi astahili kutajwa, tena kwa sauti.

Fedha ya choo ikipatikana hutangazwa zabuni. Hapa madiwani hukaa pembeni, kwa maana Bodi ya Zabuni ni ya watumishi, si ya madiwani. Sheria iliwatenga kwa makusudi, ili anayeamua kijengwe asiwe ndiye anayemchagua fundi. Kazi ikiisha, hesabu hukaguliwa na mkaguzi wa ndani, na baadaye na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Akiona hoja, Baraza huitwa kwa mkutano maalum ili zijibiwe moja moja. Kikao hicho kimepata kuwatoa jasho wakurugenzi wengi.

Bado kuna shauri la mwisho, ambalo huleta kelele kuliko yote: nani atalipa maji na mfagiaji? Halmashauri itataka kutoza ada kidogo kwa kila anayeingia chooni. Haiwezi kuitoza kwa neno la mdomo. Sharti itunge sheria ndogo. Kabla ya kuitunga, yapaswa kutangaza kusudi lake ili wananchi walete mapingamizi yao. Kisha Baraza hupitisha, Waziri mwenye dhamana huidhinisha, na sheria hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Hapo ndipo mgambo wa soko aweza kudai ada kwa haki. Tangazo la kwanza hubandikwa ubaoni nje ya ofisi, karatasi nyeupe yenye maneno mengi na muhuri, karibu na matangazo ya kazi na ya viwanja. Watu mia hupita mbele yake bila kusoma. Siku za mapingamizi hupita pia. Halafu ada ikianza kudaiwa, soko zima hugoma, na watu husema hawakushirikishwa.

Katika parokia zetu hakosekani mtu mwenye kazi ya kwenda mjini kila juma: katekista, mwalimu, kijana mwenye bodaboda. Ingefaa jumuiya imwombe asome ubao ule na kuleta habari, kama vile aletavyo matangazo ya ndoa toka kwa padri. Padri mwenyewe tusimsukume kwenye udiwani, kwa maana sheria ya Kanisa yawakataza mapadri kushika vyeo vya utawala wa dunia. Kazi hiyo ni ya walei. Mtakatifu Thomas More, aliyetangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 2000 kuwa msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa, hakuanzia kwenye ukuu aliokuja kuupata baadaye. Mwaka 1510 alikuwa afisa wa jiji la London, akisikiliza kesi za watu wa kawaida.

Kuhusu mama yetu wa nyanya, choo chake kikijengwa kazi haijamalizika. Tangi la maji laweza kukaa bila bomba, na ufunguo waweza kubaki kwa mtu aliyehama. Katika mkutano ufuatao wa Baraza, baada ya sala na baada ya muhtasari, itafika ile sehemu ya yatokanayo. Mwenyekiti atasoma namba ya shauri na kuuliza limefikia wapi. Mkurugenzi atasimama kujibu. Nyuma ya ukumbi kuna viti vya wananchi, na mara nyingi viko vitupu.